Ndugu Yangu Alimpa Mfalme wa Uongo Kaburi la Bibi Yetu

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Septemba, wiki chache baada ya uchaguzi, mamangu alipozikwa kwenye shamba la wakwe zangu. Siku ile nilipoteza mama. Lakini mahali pake pa kulala nilikuwa nimekwisha kupapoteza kabla ya hapo... Na aliyenipotezea hakuwa mwizi wala adui. Ni ndugu yangu wa tumbo moja!

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nimeolewa, nina watoto wanne. Nakaa upande wa Msambweni na kazi yangu ni kushona makuti ya kuezekea. Shule niliishia darasa la saba. Wanaonijua watawaambia kwamba mimi si msemaji. Msibani mimi ndiye yule anayekaa uani akikosha masufuria wakati wenzake wanalia. Hata kwenye msiba wa mamangu mwenyewe nilikosha masufuria. Lakini hasira niliyo nayo imekaa kifuani kama mwiba wa samaki, haipandi wala haishuki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nieleze kwanza jambo moja, kwa wasomaji wasiotoka huku kwetu. Sisi Wadigo tuna pande mbili. Kuna kuumeni, upande wa baba, na kuna kuukeni, upande wa mama. Siku hizi mambo mengi yanafuata kuumeni, kwa dini na kwa serikali. Lakini mashamba ya kale, hasa yale yenye makaburi, mengi yalishuka kwa kuukeni. Mjomba alimwachia mpwawe. Na ukitaka kujua shamba ni la nani, huulizi makaratasi. Unauliza: pale amezikwa nani?

Kwenye shamba letu amezikwa Bibi Mesaumu.

Bibi huyu ni wa zamani sana, bibi wa bibi yake mamangu. Mama alitusimulia kwamba Mesaumu alinunuliwa utotoni kama mbuzi, akatumikishwa, na siku moja akatoroka na mtoto mgongoni. Alipita kwenye mikoko maji yakiwa kifuani. Akafika pale, pori tupu, akafyeka kwa mikono yake. Akapanda minazi. Akachimba kisima. Wajukuu wake walipopata uwezo walimjengea kaburi la mawe na chokaa, lenye nguzo kichwani, kaburi ambalo hata mabwana wakubwa wa zama zile wangelionea wivu. Mwanamke aliyenunuliwa! Mama alikuwa akilitaja jina lile kama watu wengine wanavyotaja cheo.

Pale ndipo alipozikwa mama yake Mama. Ndipo alipozikwa mjomba wetu. Na pale kando ya mama yake, chini ya ukuta wa kaburi la Mesaumu, Mama alikuwa ameshajichagulia nafasi. Alikuwa akipita akisema, "Hapa pangu, msije mkapanda mihogo." Tukicheka. Nani hucheka mama yake akisema hivyo? Sisi tulicheka, kwa sababu tulijua hakuna wa kumnyang'anya.

Baba yetu sitamsema sana, ni marehemu. Alimwacha Mama wakati ndugu yangu Suleiman bado ananyonya, akaenda kuoa upande wa Lunga Lunga. Watu wake, watu wetu wa kuumeni, hatukuwaona wakati wa njaa, hatukuwaona wakati wa harusi. Baba mdogo Nassoro, mdogo wake baba, nilimwona mara mbili katika utoto wangu. Mara ya pili alikuwa amekuja kuomba nazi.

Sasa nimfikie Suleiman. Huyu ndugu yangu ni mdogo kwangu kwa miaka minane. Alisoma mpaka kidato cha nne. Ana sauti nzuri, ana meno mazuri, na tangu mdogo alijua kupamba maneno. Alifanya kazi Diani ya kutembeza watalii, na huko ndiko alikojifunza kwamba mgeni hapendi kaburi la mtu maskini. Ukimwambia hapa amelala mwanamke aliyetoroka utumwani, anatikisa kichwa, anapiga picha moja, anaondoka. Ukimwambia hapa amelala mfalme, anakaa kitako!

Basi Suleiman akaanza kuwaambia ni mfalme. Tulijua. Mama alimkemea, naye akasema, "Mama, Wazungu hawa kesho wako kwao. Uongo wao wanaondoka nao."

Lakini uongo haukupanda ndege. Ulibaki hapa hapa.

Ulipokaribia uchaguzi, Suleiman akatangaza kwamba anawania uwakilishi wa wadi. Mimi nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimwombea dua. Mama pia alimwombea, akamwekea mikono kichwani. Kijana wetu, mtoto wa kuukeni, awe mheshimiwa! Nani asingefurahi?

Akajipatia mshauri kutoka Ukunda, mtu wa bara aliyeitwa Deno, kijana mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Siku aliyokuja kwetu alikaa barazani, akala wali wetu, akamwambia Suleiman maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo.

"Boss, hapa huna kura. Upande wa mamako ni watu wachache. Upande wa babako ndio wamejaa vijiji vitatu. Wale ukiwapata, umeingia."

Suleiman akasema wale hawamjui.

"Watakujua. Wape kitu yao. Hiyo story ya king umewauzia wazungu bure, wape wao. Waambie king ni babu yao!"

Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, king ndiyo nini?"

"Mfalme, Mama," Deno akajibu.

"Ahaa," Mama akasema. "Na huku kwetu mfalme alitawala nani? Ngedere?"

Tulicheka wote, hata Deno. Laiti tungejua tunacheka nini...

Kwa miezi mitatu Suleiman alishughulika na hadithi ile kuliko alivyoshughulika na barabara au maji au jambo lolote ambalo watu walimwomba. Akamtunga mfalme wake, akampa jina, Mfalme Zahiri. Akasema zamani za kale, kabla Mreno hajaijua pwani hii, palikuwa na mji wa mawe pale shambani kwetu, wenye milango saba, na majahazi yakileta hariri na sahani za Uchina. Zahiri alikuwa mtoto wa mwisho ambaye hakuna aliyemtarajia. Alimpindua kaka yake aliyekuwa mvivu, akaketi kwenye kiti, akaifanya nchi ikaneemeka. Kisha akaangushwa. Na alivyoangushwa... subirini, nitafika.

Akakusanya vijana wa kijiji wauigize mchezo huo kwenye mkutano wake mkubwa, uwanja wa shule ya msingi. Vilemba, mapanga ya mbao, kiti kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kijana aliyeigiza mfalme alifanana na Suleiman kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mama alivaa leso mpya. Tulikaa mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki. Na pale pale mstari wa mbele, upande wa pili, nikawaona watu wa kuumeni wamejaa, kanzu nyeupe, kofia za kiua. Baba mdogo Nassoro katikati yao. Mama akasema tu, "Wamekuja kula."

Mchezo ukaanza. Watu walifurahi, na ulikuwa mzuri kweli, siwezi kusema uongo. Mfalme akapanda kitini, ngoma zikalia. Kisha maadui wakaja kwa bahari wakauzingira mji. Wakashindwa kuingia. Ndipo akatokea msichana amevaa kaniki iliyochanika, anatembea kwa kuinama, ana mtoto wa matambara mgongoni. Msomaji kwenye maiki akasema: mjakazi wa mfalme, jina lake Saumu, aliyelishwa na kuvishwa na bwana wake, kwa tamaa ya kuachwa huru akawafungulia maadui lango!

Uwanja mzima ukapiga kelele. "Msaliti! Msaliti!" Watoto walimrushia yule msichana maganda ya machungwa. Akakimbia na kile kitoto cha matambara, na watu wakavunjika mbavu kwa kucheka.

Niligeuka kumtazama Mama. Uso wake ulikuwa umekauka kama udongo wa kiangazi. Mtoto mgongoni... Saumu... Suleiman hata jina hakuona haja ya kulificha! Kaburi alimpa mfalme wake, na mwenye kaburi akamfanya mjakazi msaliti!

Mama akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku ile nilimwona mrefu.

"Wewe Sele! Huyo unayemtukana ndiye aliyekupa pa kuzaliwa!"

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu nyuma akapiga kelele, "Mpeni maiki mama mheshimiwa! Ana swali!" Na kweli kijana mmoja akampa.

Mama akaishika maiki kwa mikono miwili. "Mimi nina swali moja. Huyo mfalme wenu, mamake nani?"

Wazee wakageukiana. Kwetu hilo si swali la mzaha. Mtu asiye na mama hana kwao. Kisha mwanamke mmoja mzee akajibu kutoka kwenye mikorosho, "Aliteremshwa na helikopta!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Vijana wakaanza kuimba, "Mamake nani? Mamake nani?"

Nilimwona Suleiman jukwaani. Kwa muda mfupi sana nilidhani atacheka nao, ashuke, amshike Mama mkono, na jambo liishe. Lakini Deno alimnong'oneza. Suleiman akachukua maiki nyingine, akatabasamu kwa meno yale mazuri.

"Ndugu zangu, mumsamehe mamangu. Jua limempanda kichwani. Vijana, msaidieni mama akapumzike."

Vijana wawili wenye fulana zenye picha yake wakaja wakamshika Mama huku na huku. Nikasema mwacheni, nitampeleka mimi. Hawakusikia. Walimbeba juu juu, miguu yake haigusi chini, mbele ya kijiji kizima. Kiatu chake kimoja kilibaki uwanjani. Nilikiokota nikawafuata mbio...

Nimejiuliza mara nyingi: ni cheo gani hicho, jamani, ambacho mtu hukipandia juu ya mama yake?

Nilikuwa getini niliposikia sauti ya Suleiman kwenye spika, na maneno yake yalinifikia sawasawa. "Natamka mbele yenu nyote. Kaburi lile ni la babu zangu wa kuumeni. Mimi ni damu ya Zahiri, na leo nimerudi kwa baba zangu!" Kisha sauti ya Baba mdogo Nassoro, "Takbiri!" Na kanzu zote zikaitikia. Watu wa kuumeni walikuwa wameinua simu zao wanarekodi.

Suleiman alidhani wanarekodi kwa mapenzi. Mjinga! Msomi mzima, mtoto wa Kidigo aliyelelewa Kidigo, hakujua alichokisema? Ukisema kaburi ni la kuumeni, umesema shamba ni la kuumeni. Alikuwa nalo mkononi, mjomba amemwachia, hakuna aliyeligombania. Akasimama jukwaani akawagawia wengine kwa kinywa chake!

Haikupita muda wakaja wapimaji wa serikali. Mashamba ya upande wetu hayakuwa na hati, na ikaundwa kamati ya wazee wa vijiji kusikiliza kila mwenye madai kabla ya mipaka kuwekwa. Sisi hatukuwa na wasiwasi. Siku ya zamu yetu tulifika kwa chifu tukamkuta Baba mdogo Nassoro ameshaketi, amekunja miguu, simu iko mapajani.

"Shikamoo, baba," nikamsalimu, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mama yenu hajambo? Sisi tumekuja kwa ajili ya lile shamba la babu yetu."

La babu yetu!

Mzee Kombo, mwenyekiti wa kamati, ni mtu wa haki. Aliicheza ile video mbele ya watu wote, akaizima, akasema hawezi kuamua kwa simu. Aliyetamka ni mtu mzima na yuko hai. Aitwe aseme mwenyewe. Akitamka kwamba yale yalikuwa maneno ya siasa na kaburi ni la Bibi Mesaumu, basi shamba linabaki kuukeni na watu waende nyumbani. Akatupa muda wa wiki moja.

Sentensi moja! Hicho tu ndicho kilichohitajika.

Mama alikwenda mwenyewe kwa Suleiman. Tulikwenda pamoja. Tulimkuta na mabango yake na Deno wake na simu tatu zinalia. Mama hakumlaumu kwa yale ya uwanjani. Hakuyataja kabisa. Alisema, "Mwanangu, sikuombi shamba. Minazi chukueni, muiuze, mule. Mimi nataka pale kwa mamangu tu. Nenda kamwambie Kombo ukweli."

Suleiman hakuweza kumtazama. Akasema, "Mama, nikikana sasa nimekwisha. Wale ndio kura zangu. Niache nipite kwanza. Nikishakuwa mheshimiwa nitarudisha kila kitu, wallahi."

"Na nikifa kabla?"

"Usiseme hivyo, Mama. Utaishi."

"Sikukuuliza kama nitaishi."

Yule Deno akaingilia, "Mama, hii ni siasa tu, usichukulie serious." Mama akamgeukia. "Wewe una mama?" akamwuliza. Akasema yupo, Kirinyaga. "Mpigie simu leo," Mama akamwambia. Tukaondoka.

Siku ya kamati Suleiman alikuja na msafara. Nje ya ofisi ya chifu palijaa watu wa pande zote mbili. Mama alikaa kwenye mkeka, mimi nyuma yake. Mzee Kombo akamwita Suleiman mbele.

"Suleiman, wewe ni mtoto wa kuukeni pale. Sisi wazee tuliokuwepo tunajua tunachokijua, lakini aliyetamka ni wewe. Sema mbele ya Mungu na watu. Lile kaburi la nani?"

Nilimwona akiwatazama watu wa kuumeni, wengi, kofia nyeupe tupu. Alimtazama Mama mara moja. Nikasema ndani kwa ndani, sema, ndugu yangu, sema...

"La Mfalme Zahiri," akasema. "La kuumeni."

Mzee Kombo alimwuliza tena, kama mtu anayemshika mkono anayetaka kuruka kisimani. "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Wanawake wa kijijini waliguna. Mama hakulia, hakupiga kelele. Aliniomba maji. Nilipompa kikombe hakuweza kukishika, maji yakamwagika kifuani. Kuanzia siku ile upande wake wa kushoto ulilegea, na hakusimama tena sawasawa.

Mkanisamehe, hapa napumzika kidogo...

Uchaguzi ukafika. Mnataka kujua alipata nini? Aliburuta mkia! Watu wa kuumeni aliowauzia bibi yake hawakumpa chochote. Walikuwa na mgombea wao tangu mwanzo, mkwe wake Baba mdogo Nassoro, na ndiye waliyempigia kura, vijiji vyote vitatu. Suleiman aliwapa kaburi, wakachukua kaburi, kura wakampa mtu wao! Na huku kwetu wanawake waliapa tangu siku ya kiatu kwamba kura yao haipati. Kituoni kwetu, kijiji alikozaliwa, watoto wa shule walimwimbia akija kupiga kura, "Mfalme hana mama! Mfalme hana mama!" Deno hakusubiri hata matokeo. Alirudi Ukunda na spika.

Ningesema nilifurahi, lakini hapana. Furaha ingetoka wapi? Shamba lilikuwa limeshasajiliwa kwa jina la watu wa Nassoro, na kabla rangi ya vidole vya wapiga kura haijatoka, walishalikodisha kwa tajiri mmoja wa kujenga nyumba za wageni. Ukuta ukainuka upande wa barabara. Nazi zikaangushwa zikiwa changa.

Mama akazidiwa. Tulimlaza hospitali siku kadhaa, akarudi nyumbani, akawa haongei isipokuwa maneno machache. Neno lake kubwa lilikuwa swali. "Amekwenda?" Akimaanisha Suleiman, kwa Kombo. Ningemjibu nini? Nikamwambia, "Bado, Mama." Kesho yake tena, "Amekwenda?" Bado, Mama...

Alikata roho alfajiri ya Ijumaa, ameegemea paja langu.

Kabla mwili haujaoshwa nilifunga leso nikaenda na Mzee Kombo na wazee wawili mpaka kwa Baba mdogo Nassoro. Nilimpigia magoti, mimi niliyesema sitampigia mtu magoti duniani. Nikamwambia, baba, shamba limeshakuwa lenu, hatulidai. Tupeni shimo la mtu mmoja.

Akasikitika vizuri sana. "Poleni, mwanangu. Inna lillahi wainna ilaihi rajiun. Mimi sina neno, lakini tajiri ameshaanza ujenzi. Anasema wageni hawapendi kuona kaburi bichi."

Mzee Kombo akamwuliza, "Na lile la mfalme?"

"Lile la zamani, hilo wanalipenda."

Hivyo ndivyo alivyosema. La zamani wanalipenda! Nilisimama nikapangusa magoti. Ningefungua kinywa ningetukana, na maiti alikuwa nyumbani anangoja.

Mume wangu, Mungu amjaze kheri, ndiye aliyesema azikwe kwao. Kwa wengine hilo si jambo, ardhi ni ardhi. Kwa mamangu lilikuwa jambo. Mwanamke mwenye makaburi yake, anakwenda kulala kwa wakwe wa bintiye kama mgeni aliyekosa usafiri!

Wanawake kwetu hatuendi makaburini wakati wa kuzika, kwa hiyo haya yafuatayo aliniambia mwanangu mkubwa, Hamadi, ambaye ni mwashi na hajui kuongeza chumvi. Suleiman alifika jeneza likiwa limeshatuliwa kando ya kaburi. Akavua viatu, akakunja kanzu, akataka kuingia kaburini kumpokea Mama, maana yeye ndiye mtoto wa kiume. Hamadi alikuwa ameshaingia na binamu zake wawili. Akamzuia kwa mkono.

"Mjomba, baki juu."

"Hamadi, ni mamangu huyu!"

Akajibiwa na Mzee Kombo, si kwa ukali, "Ulipoulizwa kwenu ni wapi, ulijibu. Baki juu, mwanangu. Waache wa kuukeni wampokee mtu wao."

Wanasema alibaki pale, miguu mitupu, mchanga unatupwa, hakuna aliyempa koleo.

Wasomaji wenzangu, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Lakini nyinyi mnaotaka vyeo, na wengi mnasoma haya mkiwa na mabango yenu tayari, nawasihi: msiwaguse waliolala. Gombanieni barabara, gombanieni maji, danganyaneni kuhusu hospitali mtakazojenga, tumeshazoea! Lakini ukimtungia uongo marehemu wa kwenu, unayemwumiza ni aliye hai. Na nyinyi kina dada, mkimwona ndugu yenu anaanza kuona haya kwa asili yake, mkemeeni mapema, uongo ukiwa bado wa kuchekesha watalii. Ukishafika kwenye maiki haurudi tena. Kumsamehe ninaomba kila sala, na kila sala napata nusu, kisha naikumbuka ile "nina hakika" yake.

Nilidhani mkasa wangu unaishia hapo, na nilikuwa nimeshafunga karatasi. Lakini juzi Suleiman alikuja. Nilikuwa uani nashona makuti, nikasikia pikipiki. Alikuwa amekonda. Alinisalimu, nikaitika. Akakaa kwenye kinu kilichoinamishwa, akachezea ufunguo, akauliza habari za watoto.

Kisha akasema kuna wadi ya upande wa pili ambako uchaguzi huenda ukarudiwa, na kuna watu wamemfuata. Wamemshauri safari hii aende kwa wanawake, aende kwa kuukeni, aseme yeye ni mtoto wa mjane aliyelelewa kwa taabu. Akaniuliza kama bado ninayo picha ya Mama, hata ile ndogo ya kitambulisho. Wataikuza.

"Ya nini?" nikamwuliza, ingawa nilishaelewa.

"Ya bango, dada."

Niliweka kuti chini. Nikaingia ndani, nikatoka na kiatu cha Mama, kile cha uwanjani. Hapana, hicho sikukitoa, nilitamani tu. Nilitoka mikono mitupu.

"Ninayo," nikamwambia. "Sikupi."

"Dada, kwani ni mama yako peke yako?"

Nikamwambia ainuke kwenye kinu changu, nina mahindi ya kutwanga. Aliinuka. Nikakisimamisha kinu, nikatia mahindi, nikaanza kutwanga. Akasema neno ambalo sikulisikia kwa mlio wa mchi, kisha akapanda pikipiki yake akaenda.